Mahadhi ya Mwanamke wa Clare

Galway,
Jumapili, 20 Oktoba 1996

Mdogo wangu mpendwa Breda,

Pokea salamu zangu kutoka chumba cha juu cha nyumba ya wageni iliyo karibu na mto, ambako mvua imekuwa ikipiga dirisha tangu alfajiri kama mtu anayedai kufunguliwa. Ni matumaini yangu kwamba wewe, shemeji Des na watoto mko wazima, na kwamba lile goti lililokusumbua tangu Pasaka limepona, au angalau limechoka kukusumbua. Huko Fremantle joto linaanza sasa, nami najaribu kukuona umekaa barazani bila soksi mwezi wa Oktoba, jambo ambalo mama angeliita dhambi. Sisi huku tu wazima. Kifua changu kinakoroma kidogo, lakini ni kifua kile kile cha kila mwaka, na kwa kuwa sasa nina mkunga nyumbani, hata kukohoa siwezi kukohoa bila kuulizwa maswali.

Asante sana kwa kadi ya harusi na kwa kitambaa cha meza. Imelda alikitandaza juu ya kitanda, akawatazama wale ndege uliowadarizi pembeni, akasema mtu aliyewashona hawezi kuwa mkali kama kaka yake. Nilimwambia ukali wote wa nyumba yetu nilirithi mimi, wewe ukaachiwa yale mengine. Ana hamu ya kukuona. Uliniuliza kwa utani imekuwaje mtu aliyepigania talaka kwa kalamu kwa miaka kumi, kura ilipopita tu, akakimbilia kuoa. Jibu langu ni kwamba nyumba ambayo mtu anaweza kutoka ndiyo pekee anayoweza kuingia kwa hiari yake. Imelda anasema hilo ni jibu la gazetini, na kwamba ukweli ni kuwa nilichoka kula mayai ya kuchemsha.

Breda, nina jambo la kukwambia. Limo humu ndani, mbali kidogo, kwa sababu nimekaa nalo miaka kumi na tisa na siwezi kulitoa kwenye mstari wa kwanza. Ukishalisoma huenda usiniandikie tena, na wewe ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayejua mlango wa jikoni kwa mama ulikuwa wa rangi gani. Naomba tu usiruke kurasa. Imelda naye ataisoma barua hii kabla sijafunga bahasha, kwa hiyo utaniwia radhi nikieleza hata mambo unayoyajua kuliko mimi.

Fungate ilikuwa chaguo lake. Miaka ishirini na miwili amefanya zamu za usiku katika wodi ya wazazi kule Limerick, na Jumamosi zake zote za ujana zilikwenda kwa watoto wa watu wengine. Alitaka kupita mji hadi mji, kuingia baa mapema jioni, kukaa, na kusikiliza muziki mpaka mwisho bila mtu kumwita. Roma hakuitaka, na mimi nilipomtania kuhusu kuhiji Lourdes alinitupia mto. Basi tukapakia gari lile jekundu unalolijua kwenye picha, tukaenda Dublin.

Baa ya kwanza ilikuwa na spika kubwa kama makabati, na kijana mwenye kofia ya kijani akiimba juu ya uchungu wa kuiacha nchi yake, naye bila shaka hajawahi kuvuka daraja la mtaani kwao. Nilianza kusema. Unanijua. Nilisema kwamba tuliwafukuza watoto wetu kwa njaa na kwa makasisi, sasa tunawauzia wajukuu wao machozi kwa glasi, na kwamba taifa linaloweza kufanya hivyo lina haki ya kusahauliwa. Imelda alinisikiliza mpaka nilipovuta pumzi, kisha akasema, "Malachy, mimi nimekuja kufungua viatu, sikuja kufungua kesi." Tukatoka, tukavuka mto.

Ya pili ndiyo ilikuwa baa. Nyembamba, giza, na pembeni viti sita ambavyo hakuna mlevi angethubutu kuvikalia. Fidla mbili, filimbi ya mbao, kodiani ndogo, dufu, na mzee mmoja aliyeshika tu bia yake nyeusi lakini akihesabiwa miongoni mwa wapigaji kwa heshima ya zamani. Mwenye baa alinitambua. Alinimiminia, akaiacha glasi itulie, akaniuliza, "Bwana Considine, leo umekuja kunywa au kutukagua?" Nikasema kunywa. "Basi uandike kwamba ulikunywa vizuri," akasema, na watu wa kaunta wakacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini Breda, miaka thelathini nimewakaripia watu hawa kwenye safu yangu, kwamba wanapiga haraka mno, wanapiga ovyo, wanapiga kwa ajili ya watalii. Ukiwakaripia watu miaka thelathini, unapoingia wanakupisha. Kila upande wangu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Kwenye zamu ya tatu, binti wa kodiani alianza peke yake. Nilijua kabla hajamaliza pumzi ya kwanza. Yalikuwa mahadhi yako. Yale yanayoanza chini kabisa, kama mtu anayeinuka kutoka kwenye kigoda cha kukamulia, kisha yanapanda mara mbili, na pale ambapo kila sikio linayangoja yashuke, yanakataa. Wengine wakaingia mmoja mmoja. Walikuwa wanayajua wote. Nilitazama ndani ya glasi yangu kama mtu aliyedondosha kitu humo.

Imelda alisisimka. Walipopumzika alimwendea yule binti, na kwa kuwa nilikuwa nimemfundisha adabu ya vikao vya wapigaji, hakuuliza jina la mahadhi. Aliuliza, umeyapata kwa nani? Binti akajibu kwamba ameyapata kwa fundi seremala mmoja wa Galway anayefundisha watoto fidla, Tadhg Hehir, naye Tadhg husema ameyapata kwa mwanamke mmoja wa Clare. Jina la mwanamke hataji. Wamemuuliza akiwa amelewa, wamemuuliza akiwa mgonjwa kitandani, hataji. Wao huyaita tu Ya Mwanamke wa Clare. Imelda alirudi mezani akaniuliza, "Wewe si mtu wa Clare? Humjui?" Nikasema Clare ina wanawake wengi.

Sasa nieleze, kwa ajili ya Imelda. Majira ya baridi ya mwaka 1977 dada yangu alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa akikamua ng'ombe asubuhi na jioni, na baada ya kukamua alikuwa akibaki zizini na fidla, kwa sababu jikoni baba alikuwa akisikiliza habari. Humo ndimo alimotungia mahadhi yale. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kuyasikia, Tadhg Hehir, mchumba wake, akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Juma la Pasaka kulikuwa na mkusanyiko mkubwa wa wapigaji pale Ennis, na Breda akaitwa. Ukumbi wote ulikuwa wa wanaume wenye umri wa baba yetu. Msichana anayetunga kitu chake na kukileta mbele ya watu wale angechekwa kabla hajaweka fidla begani. Kwa hiyo alipoulizwa ameyapata kwa nani, alisema ameyapata kwa mzee Micho Talty, ambaye alikuwa amezikwa mwezi wa Januari na asingeweza kukanusha. Akapiga. Walimpigia kelele arudie, naye akarudia, na nilimwona mzee mmoja akifuta macho kwa kofia.

Wiki sita baadaye kile kijarida cha muziki cha Dublin kilitoa makala. Mwandishi alijiita Mtu wa Mlangoni. Alisema marehemu Talty hakuwahi kuwa na mahadhi yale maishani mwake. Alisema yalitungwa majira yale yale, zizini, kati ya ndoo mbili za maziwa, na msichana ambaye hakuwa na ujasiri wa kuyaita yake. Alisema ni pazia la nailoni lililotundikwa kwenye dirisha la mawe. Alisema anayemzulia maiti mali asiyokuwa nayo hana tofauti na anayemwibia. Makala ilikuwa fupi, safi, na kila sentensi yake ilikuwa ya kweli.

Huhitaji kukumbushwa yaliyofuata, Breda, lakini Imelda hayajui. Watoto wa Talty walikuja mpaka langoni kwetu na hawakutaka kuingia. Duka la kijijini lilimhudumia bila salamu. Hakuna aliyemkataza kwenda vikaoni. Alipokwenda, alikuta viti vimejaa. Na kwa sababu ndoo za maziwa zilikuwa zimetajwa, na aliyekaa juu ya ndoo alikuwa mmoja tu, alimrudishia Tadhg pete yake nje ya kanisa Jumapili mchana, watu wote wakitazama, akamwambia asilitaje tena jina lake pamoja na muziki ule. Mwezi wa Septemba alipanda ndege kwenda Australia. Fidla aliiacha juu ya kabati.

Turudi safarini. Kilkenny ilitunyeshea siku mbili, na kwenye baa tuliyoingia kulikuwa na sherehe ya harusi ya watu tusiowajua, wakatuvuta tucheze nao. Imelda alicheza. Mimi nilishika makoti. Alikuja akanong'ona kwamba kwenye harusi yetu wenyewe pia nilishika makoti, na ilikuwa utani, lakini hakucheka aliposema. Alikuwa ameanza kuniona.

Na alikuwa ameanza kuimba. Hilo ndilo sikulitarajia. Imelda hana sauti kubwa, anaimba kwa ndani ya pua akifanya kazi, kama wafanyavyo wauguzi ili wagonjwa wajue kuna mtu. Aliyaimba mahadhi yako akipiga mswaki. Aliyaimba ndani ya gari tangu Kilkenny mpaka Cork, kilomita baada ya kilomita, akikosea mahali pale pale, pale yanapokataa kushuka. Yeye alikuwa akiyashusha. Mara kumi nilitaka kumwambia, siyo hivyo, yanabaki juu. Ningemwambia hivyo angeniuliza nimejuaje. Basi niliendesha gari nikiwa kimya, na mke wangu wa siku nane akaamini kwamba muziki haunigusi.

Cork tuliyasikia tena. Safari hii mpiga filimbi aliyapiga taratibu, karibu kama maombolezo, na baa nzima ikanyamaza mpaka aliyekuwa akiosha glasi akafunga bomba. Imelda aliuliza swali lake, akapewa jibu lile lile: Tadhg Hehir, Galway, mwanamke wa Clare. Mpiga filimbi, mtu mnene mwenye utani, alisema yeye anaamini mwanamke huyo ni mzimu, kwa sababu hakuna mwanamke hai wa Clare anayeweza kukaa kimya miaka yote hiyo. Watu wakacheka. Imelda akanigeukia acheke nami. Nilisema kichwa kinaniuma.

Usiku ule nilimpendekezea tuache Galway, twende Killarney tukaone maziwa na milima yake. Alinitazama kwa jicho lile wakunga wanalomtazamia mwanamke anayesema bado uchungu haujaanza. Alisema maziwa anayaona yakinyesha dirishani kila siku, na kwamba yeye anakwenda Galway kumuuliza huyo seremala mwenyewe, na kama mimi napenda Killarney basi treni zipo. Limerick tulisimama kwa muda wa saa mbili ili awasalimie wenzake wodini. Nilimsubiri ndani ya gari. Niliwaona kupitia mlango wa vioo, wanawake sita wenye sare wamemzunguka, wote wakisema kwa pamoja, na yeye katikati akiwaimbia kitu, na nilijua ni nini anachowaimbia. Nadhani hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyo peke yangu. Sikuwa na pa kushuka nikiwa ndani ya gari lile.

Tulifika hapa Ijumaa. Jana, saa kumi alasiri, tuliingia baa moja nyuma ya soko la samaki, na Tadhg alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani, mahali pa mwenyeji. Nywele zimekwisha. Mikono ni ile ile. Usidhani amekuwa akikungoja, Breda, huo ni upuuzi wa nyimbo. Alioa mwalimu wa Gort, wakapata mabinti wawili, na mke amefariki miaka minne iliyopita. Mmoja wa mabinti alikuwa amekaa karibu naye na fidla. Aliponiona, Tadhg alisimama. Nilidhani atatoka nje. Alikuja akanishika mkono, akauliza kama ni kweli alichosikia, kwamba kuna mwanamke aliyekubali, na Imelda alipojitambulisha alimwambia, "Pole sana, mama. Kama kuna lolote tunaloweza kufanya." Baa nzima ikagonga meza kwa glasi.

Kisha akarudi kitini, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba haya ni ya bibi harusi, na kwamba ameyapata kwa mwanamke mmoja wa Clare. Akapiga. Sitaeleza alivyopiga. Nitasema tu kwamba yalipofika pale, hayakushuka, na Imelda aliweka mkono juu ya wangu, akasema, "Aa, kumbe yanabaki juu."

Alipomaliza, alimuuliza. Alimwambia ameyafuata tangu Dublin, na kwamba si haki mwanamke atunge kitu kama hiki halafu aitwe jina la wilaya. Tadhg alinitazama kwa muda ule unaotosha kulegeza uta wa fidla. Akajibu kwamba mwenyewe alimkataza kulitaja jina lake, na yeye hajaruhusiwa vinginevyo. Ni hilo tu. Akasema anahitaji hewa, na kwamba labda bwana harusi naye anaihitaji.

Nyuma ya baa kuna ua wa mapipa. Tulisimama chini ya kipande cha bati. Nilianza kusema habari za hali ya hewa, na Tadhg akanikatiza kwa upole, kama mtu anayemwita mbwa wa jirani yake: "Tulia, Mtu wa Mlangoni."

Ni mimi, Breda.

Tadhg hakuandika neno lolote. Hakumwambia mtu. Nilikuwa juu darini mwa zizi, kwenye nyasi kavu, pale palipo na ubao uliolegea, majioni mengi ya baridi ile, nikikusikiliza ukitunga. Nilikusikia ukikosea, ukirudia, ukipata. Mimi nilikuwa nimepiga filimbi tangu nikiwa na miaka saba. Niliyajua mahadhi mia tano na niliweza kukwambia kila moja lilitoka kijiji gani na kwa nani, na katika maisha yangu yote sikuwahi kutunga hata kipande cha kumlaza mtoto. Na wewe uliyatunga mikono yako ikinuka maziwa. Nilijiambia kwamba naandika kwa ajili ya ukweli, kwa ajili ya wazee, kwa ajili ya marehemu Talty ambaye hakuwa na mtetezi. Niliziweka zile ndoo mbili kwa sababu zilipendeza kwenye sentensi. Sikufikiri kwamba zingemtia mtu hatiani. Ulipomrudishia Tadhg pete yake nje ya kanisa nilikuwa hatua kumi kutoka pale, nimeshika mwavuli wa mama. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kusema. Nilikupeleka mwenyewe uwanja wa ndege wa Shannon mwezi wa Septemba, saa nzima barabarani, na uliponiambia kwamba angalau una kaka ambaye hajakusaliti, nilibadilisha gia.

Tangu siku ile nimeandika maelfu ya maneno. Nimewashambulia maaskofu, mawaziri, wenye mabenki na wenye mabaa. Watu wananiita jasiri. Wapo wanaonisimamisha barabarani kunishika mkono kwa sababu nasema bila kuogopa. Lakini kila nilichokisema kwa sauti, nilikisema ili nisisikie lile moja.

Nilimuuliza Tadhg amejua tangu lini. Alisema tangu siku ile ile ilipochapishwa. Waliojua walikuwa wawili, wewe na yeye, na yeye alijua kwamba si yeye. Na wewe usingejichoma mwenyewe. Kwa hiyo alitafuta wa tatu, na nyumba yetu haikuwa kubwa. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alipangusa mvua usoni. Alisema, "Alikuwa ameshanipoteza mimi, na wazazi wenu walikuwa upande wa kina Talty. Alikuwa amebakiwa na wewe tu. Ningekuondoa na wewe, angebaki na nani?" Kisha akaongeza, bila hasira, kwamba alitarajia mimi ningelisema mwenyewe baada ya mwaka mmoja, au miwili, na kwamba kadiri miaka ilivyokwenda alianza kunisoma gazetini kila Alhamisi kuona kama siku hiyo imefika.

Akarudi ndani kupiga. Mimi nilibaki na mapipa.

Nilimwambia Imelda jana hiyo hiyo kabla giza halijaingia, tukitembea kando ya bahari kule Salthill. Nilimwambia yote. Hakunikatiza wala hakunishika mkono. Tulifika mwisho wa njia, kwenye ule ukuta ambao kila mtu wa Galway lazima aupige teke kabla ya kugeuka, naye akaupiga teke, vizuri, kwa kiatu cha mvua. Ndipo akasema, "Nimezalisha watoto elfu kadhaa, Malachy. Kinachotaka kutoka kitatoka. Swali ni nani atakayechanika." Nilidhani amemaliza. Hatua chache mbele akasema kwamba jambo lako ni letu mimi na wewe, lakini lake yeye ni hili: siku kumi na tatu amekuwa akiniimbia muziki ule sikioni, akikosea, akifurahi, na mimi nilikaa pembeni yake nikimtazama kama mtu asiyemjua. Anataka kujua kama hivyo ndivyo nitakavyokaa naye siku zote. Sikuwa na jibu la gazetini.

Usiku alilala ameelekea ukutani. Tulikuwa wawili kitandani, na sikumbuki kuwa mpweke namna ile hata katika miaka yangu yote ya mayai ya kuchemsha. Asubuhi hii amekwenda misa peke yake, yeye ambaye haendi misa. Alipokuwa akifunga koti aliweka karatasi hizi mezani, na kalamu juu yake, akatoka.

Sikuombi msamaha. Kumwomba msamaha mtu uliyemuumiza ni kumpa kazi nyingine ya kufanya, na wewe umeshafanya za kutosha. Wala sitakwambia kwamba nilikuwa kijana, maana nilikuwa na miaka thelathini na mbili na shahada ya chuo kikuu. Uamini tu kwamba Tadhg Hehir hakukutenda lolote, hata siku moja, na kwamba kosa lake pekee lilikuwa kukaa kimya kwa ajili yako wakati mimi nilikaa kimya kwa ajili yangu.

Lakini kuna kitu ninachokiomba kwa niaba yake, ingawa hakunituma wala hajui kwamba nakuandikia. Mahadhi yako yanapigwa Dublin. Yanapigwa Cork. Binti ambaye hakuwa amezaliwa ulipoondoka anayaanza peke yake mbele ya watu, na hakuna anayemuuliza kama ana haki. Wanaulizana tu wameyapata kwa nani, na kamba ile inarudi mpaka kwa Tadhg, na kwa Tadhg inakatika, kwa sababu ulimkataza na yeye ni mtu anayetii. Anwani yake nimeiandika nyuma ya ukurasa huu. Mimi unaweza kuniacha bila jibu mpaka nife, nitaelewa, nitakuwa nimepata nilichostahili. Yeye usimwache. Mwandikie mstari mmoja, kwamba anaweza kulitaja jina lako, au kwamba hapana.

Nisalimie Des, na umwambie kwamba shamba la baba yake kule Kilrush limekodishwa kwa watu wazuri. Nisalimie Karen na Brendan, ambao huenda baada ya leo hawatakuwa na mjomba huku, lakini hawana hatia ya jambo hili na nitawapelekea vitabu vyao vya Krismasi kama kawaida. Uwape au usiwape, utaamua wewe. Angalia goti lako. Usipande ngazi ukiwa umebeba vitu.

Imelda amerudi. Koti lake linachuruzika maji mlangoni, naye ameketi ukingoni mwa kitanda, amenyoosha mkono apewe kurasa hizi. Nampa sasa hivi, na baada ya hapo sijui. Nimeiandika barua hii mwenyewe, na safari hii naitia jina langu.

Kaka yako,

Malachy Considine